Mazoezi sikosi, lakini uchovu hauniachi na presha imepanda. Nibadilishe nini?

Mwalimu wa Mwandiga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Mwandiga, mkoani Kigoma, na wanangu wawili. Baba yao kazi yake iko Mpanda, anakuja mwisho wa mwezi. Mwakani natimiza miaka 40. Mazoezi nayapenda kweli, silazimishwi na mtu. Siku za kazi naamka saa kumi na nusu alfajiri, nakimbia, narudi kuwaandaa watoto. Jumamosi nakwenda mjini kwenye kikundi cha jogingi. Tunatoka Mwanga, tunateremka mpaka stesheni, tunaendelea Bangwe, kisha tunarudi. Ule mlima wa kurudi Mwanga naupanda nikikimbia mpaka juu.

Jumamosi moja tulipomaliza tulikuta meza ya kupima afya bure. Nikapanga foleni na jasho langu, nikapimwa presha: 148/94. Aliyenipima akaniambia nipunguze uzito na nianze mazoezi. Nina kilo 61. Nilirudi nyumbani nimenyamaza.

Ila hata kabla ya kipimo kile mwili wangu haukuwa sawa. Kipindi cha saa nane mchana nafundisha nimeshikilia meza. Jioni kichwa kinauma. Usiku, ikifika saa tisa, macho yanafunguka yenyewe, naanza kupiga hesabu za mkopo wa nyumba ninayojenga, hesabu za ada, mara saa kumi na nusu hiyo, navaa raba natoka.

Chakula changu ni cha kawaida cha hapa kwetu. Asubuhi chai ya rangi na maandazi shuleni. Mchana wali maharage wa shule. Usiku ugali wa muhogo na dagaa, au mgebuka wa mawese, na chai tena. Mboga za majani zipo, ila ni za kuonja. Baada ya vipindi nakaa kusahihisha madaftari mpaka saa kumi na moja. Nyumbani, watoto wakilala, naendelea na madaftari, nashika simu kidogo, nalala saa sita.

Wenzangu wa kikundi wananishauri niongeze jimu ya jioni. Mmoja ananiambia niache ugali kabisa. Mimi nahisi dawa haiko kwenye kuongeza mazoezi, lakini sijui iko wapi. Naomba msiniambie "kula vizuri, pumzika" mkaishia hapo. Niambieni nafanyaje, kwa mshahara wa mwalimu na watoto wawili.

Mama Dagaa, Kibirizi

Pole sana mwalimu. Mimi nauza dagaa na migebuka hapa mwaloni Kibirizi. Kukimbia sikimbii, lakini mitumbwi ikiingia alfajiri nabeba, nainama, naanika, nageuza, nashinda kwa miguu yangu mpaka jua linakuwa kali. Kwa hiyo kuhusu mazoezi sina la kukufundisha.

Nataka kukwambia kuhusu hiyo saa tisa ya usiku, maana naijua. Kazi yetu inafuata mwezi. Usiku wa giza wavuvi wanatoka na taa, dagaa wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa, na sisi tunapata siku za kulala. Mwili wangu umezoea hivyo miaka yote. Lakini mwaka 2024 serikali ilipofunga ziwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane, nililala mapema kila siku, sibebi kitu, sina pilika, na bado asubuhi nilikuwa naamka nimechoka kama niliyelima. Mwili ulikuwa umelala, ila kichwa kilikuwa macho, kinawaza marejesho ya kikoba.

Kilichonisaidia ni wifi yangu. Tulikaa naye saa mbili usiku baada ya kula, tukaandika kwenye daftari nani ananidai, kiasi gani, tarehe gani, na nani wa kwenda kumwomba anisogezee. Tukafunga daftari. Deni halikupungua hata shilingi usiku ule, lakini nililala mpaka asubuhi. Tangu hapo hesabu nazifanya saa mbili, nikiwa na mtu pembeni, na zikinijia saa tisa naziambia daftari liko kabatini.

Mwalimu, una mtu wa kukaa naye hivyo? Baba watoto yuko mbali, naelewa. Tafuta hata dada au mwalimu mwenzako unayemwamini. Huo mkopo wa nyumba usiubebe peke yako usiku.

Muuguzi Mstaafu, Ujiji

Marahaba mwanangu. Nimesoma ulichoandika kwa makini. Nimefanya kazi wodini na kliniki maisha yangu yote, acha niende taratibu.

Nianze na kile kipimo, kwa sababu kimekutia hofu na hakikupimwa inavyotakiwa. Mtu aliyetoka kupanda mlima wa Mwanga akikimbia, moyo bado unadunda, amesimama foleni, huwezi kumwekea mashine ukaandika presha yake ukaamini. Presha inapimwa mtu akiwa amekaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote miwili imekanyaga chini bila kukunja nne, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, ametulia dakika 5 bila kuongea. Nusu saa kabla asiwe amefanya mazoezi wala kunywa chai au kahawa, na awe ametoka haja ndogo. Tena hatusemi mtu ana presha kwa kipimo kimoja. Mpaka ifike 140/90 au zaidi kwa siku mbili tofauti. Kwa hiyo nenda zahanati, kaa, tulia, pima, kisha urudi siku nyingine upime tena. Ukiwahi kuona 180/120, au kichwa kikauma pamoja na macho kufifia, kifua kubana, au upande mmoja wa mwili kulegea, hapo usisubiri siku ya pili, kimbilia hospitali.

Ukiwa huko, omba wakupime wingi wa damu, sukari na malaria. Mkoa wetu una malaria nyingi, nayo inakula damu kimya kimya. Waeleze pia hedhi yako ikoje, kama inatoka nyingi au inachukua siku nyingi. Na kama wewe na watoto mnaoga ziwani, sema, wapime kichocho. Mwanamke wa umri wako anayekimbia vizuri lakini mchana anashikilia meza, mimi nikimwona jambo la kwanza ninalowaza ni damu. Halafu umetaja chai asubuhi na chai usiku, zote pamoja na chakula. Chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Kunywa chai yako, lakini iache ikae mbali na chakula kwa saa moja hivi, na kwenye maharage na dagaa kamulia limau, maana limau linasaidia chuma kuingia.

Sasa usingizi. Hapa ndipo nataka unisikilize zaidi kuliko mahali pengine. Unalala saa sita, unaamka saa tisa, unakaa macho mpaka saa kumi na nusu. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7. Usingizi ukipungua, homoni za kuamsha mwili zinabaki juu, presha ambayo usiku ilipaswa kushuka haishuki vizuri, njaa ya sukari inaongezeka, ndiyo maana maandazi yanakuita. Unachofanya sasa ni kuuibia usingizi muda ili uupeleke kwenye kukimbia. Mazoezi ni mazuri, lakini hayawezi kurudisha kilichoibwa huko.

Na mazoezi yenyewe unayo ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au dakika 75 mpaka 150 za mwendo mkali kama huo wako, na siku mbili za kutumia nguvu za misuli. Hayo ya misuli si lazima uende jimu, mama wa Kigoma anayebeba ndoo na kuchuchumaa kufua anayo. Watu wanadhani ukizidisha kukimbia basi kila kitu kitajilipa chenyewe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya Wahadzabe, ndugu zetu wa kando ya Ziwa Eyasi wanaotembea kutwa kuwinda na kuchimba mizizi. Walitegemea kukuta miili yao inachoma nguvu nyingi kuliko ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Walipopima na kuzingatia ukubwa wa mwili, nguvu zinazotumika kwa siku zilikaribiana. Pontzer anaeleza kwamba mwili una kiasi chake cha kutumia kwa siku. Ukitumia nyingi kwenye mwendo, unabana kwingine. Ndiyo maana nakwambia jimu ya jioni juu ya hizo mbio, na usingizi huo wa saa tatu, itakumaliza.

Chakula hakinisumbui sana, chako kina msingi mzuri. Ugali usiuache kwa kuambiwa na mtu. Muhogo uliovundikwa na kukaushwa vizuri ni chakula chetu tangu zamani, shida ni kwamba ni wanga karibu mtupu, hivyo unategemea kilicho pembeni yake. Nusu ya sahani iwe mboga: lengalenga, matembele, kisamvu, chochote kilicho rahisi siku hiyo sokoni. Fungu la matembele ni nafuu kuliko maandazi ya wiki. Tunda lisisubiri Jumapili. Ndizi mbivu au kipande cha papai badala ya maandazi mawili kati ya yale ya asubuhi inatosha kuanza. Dagaa endelea nao, unawala na mifupa yao, unapata chokaa ya mifupa.

Chumvi ndiyo ya kuangalia. Sisi watu wa mkoa huu chumvi iko mlangoni, Uvinza wanaitengeneza kwa zaidi ya miaka elfu moja, na mkono wetu umezoea. Kiasi cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5, kama kijiko cha chai kilichosawazishwa, na humo ndani kuna chumvi ya maandazi, ya wali wa shule, na ya samaki aliyekaushwa kwa chumvi. Samaki wa hivyo mloweke, mwaga maji, loweka tena, kisha mpike bila kuongeza. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi acha kabisa, vimejaa chumvi.

Mawese sitaki yafukuzwe jikoni. Yale mekundu yana vitamini E na kile kinachogeuka kuwa vitamini A mwilini. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito yasiyofaa kuzidi kwa moyo, kwa hiyo pima kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Na usiyaunguze mpaka yageuke rangi. Ukishayachoma yakawa meupe, ile faida umeitupa na moshi.

Kukaa nako kuna madhara yake hata kwa mtu anayekimbia. Madaftari ya darasa moja sahihisha umekaa, ya darasa la pili simama dirishani. Hilo halina gharama.

Mzee wa Reli

Salaam. Nimestaafu reli, nimesafiri na treni ya Dar mpaka hapa Kigoma zaidi ya kilomita 1,200 kila mwelekeo, usiku na mchana, kwa hiyo suala la kuamka gizani nalijua.

Nataka kuongeza jambo moja kwa mwalimu, na muuguzi atanisahihisha upande wa mwili. Saa za nchi nzima zinafuata longitudo ya 45, mstari unaopita baharini mashariki ya Dar es Salaam. Sisi Kigoma tuko karibu na longitudo ya 30. Kila nyuzi moja ni dakika 4 za jua. Ndiyo maana jua linachomoza huku kama dakika 40 baada ya Dar, karibu saa moja asubuhi. Sasa wewe unapoamka saa kumi na nusu kwa saa ya ukutani, kwa jua la hapa ni saa tisa na nusu ya usiku. Hiyo si alfajiri, ni usiku kabisa. Mtu wa Dar anayeandika mtandaoni kwamba amka saa kumi na moja ukimbie, yeye mwanga uko karibu kumfikia. Kwako bado sana.

Lakini tulichonyimwa asubuhi tumepewa jioni. Huku saa kumi na mbili na nusu bado kweupe, wakati Dar wameshawasha taa. Ukitoka shule saa kumi na moja, una zaidi ya saa nzima ya mwanga na hewa ya ziwa inayopoa. Kimbia saa hiyo. Watoto waende na wewe hata kwa baiskeli. Tena barabara ya usiku peke yako mwanamke, hapana mwanangu, hilo limenitia wasiwasi kuliko presha.

Na asubuhi, badala ya kukimbia, jua likitoka simama nje dakika chache kabla hujaingia darasani. Tulipotoka zamu ya usiku wazee walitufundisha hivyo, kuuonyesha mwili kwamba siku imeanza.

Mwalimu wa Mwandiga

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Dada wa Kibirizi, asante sana. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu.

Nilipima zahanati nimekaa kama mama alivyoeleza. Siku ya kwanza 132/84. Niliporudi siku nyingine, 128/82. Malaria hakuna, sukari iko sawa. Wingi wa damu ni 10.4, na waliniambia mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Wamenipa vidonge vya kuongeza damu na kunitaka nirudi waangalie hedhi, maana kweli inatoka nyingi, nilikuwa nachukulia ni kawaida yangu.

Kukimbia nimehamishia jioni. Mkubwa wangu anafuata na baiskeli, mdogo anabaki kwa jirani ambaye kumbe alikuwa anatamani kampani ya mtoto. Nalala saa nne. Madaftari yanayobaki yanabaki. Nilimweleza mwalimu wa taaluma kwamba nitarudisha kwa awamu, akakubali bila neno. Hesabu za nyumba tunazipiga na baba watoto kwenye simu Jumapili jioni, na tumekubaliana kuezeka kusubiri msimu mmoja. Saa tisa bado naamka siku nyingine, lakini nageuka upande wa pili nalala tena.

Mama, nina maswali mawili. Vidonge vinanichafua tumbo, nifanyeje? Na Jumamosi ya kikundi niiache mpaka damu ipande? Nisingependa kuiacha, maana wale ndio watu wangu wa kucheka nao.

Muuguzi Mstaafu, Ujiji

Alhamdulillah. Umefanya vizuri kwenda mwenyewe na kusubiri majibu.

Jumamosi usiiache. Nenda, ila ule mlima wa kurudi Mwanga uupande kwa kutembea mpaka damu ifike 12. Ukisikia moyo unaenda mbio kupita kawaida au kizunguzungu, simama, kaa, wenzako wajue. Hao watu wa kucheka nao ni sehemu ya afya yako sawasawa na hizo mbio, nisingekuruhusu kuwaacha kwa sababu ya 10.4.

Vidonge meza na juisi ya limau au chungwa, si na chai wala maziwa. Kama tumbo linachafuka, meza baada ya kula kidogo, usiku kabla ya kulala, wengi wanavumilia hivyo. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Kikikufunga, ongeza maji, papai na mboga. Ikizidi, rudi wakubadilishie aina, usiviache kimya kimya. Baada ya kama mwezi mmoja pima tena damu. Na siku ikifika 12 usiseme nimepona ukatupa vilivyobaki, endelea kwa muda ulioandikiwa, kwa sababu mwili unajaza kwanza damu ndipo unaweka akiba.

Hiyo hedhi usiiahirishe. Omba wakuelekeze hospitali ya mkoa, Maweni, upimwe kwa picha ya tumbo, waone kama kuna uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe wa namna hiyo ni wa kawaida kwa wanawake wa umri wako, na kama ndio unaomwaga damu, vidonge vitakuwa vinajaza ndoo iliyotoboka. Nenda wiki ambayo hauko kwenye hedhi, na presha wakupime tena huko huko.